Ndoa Iliyofungwa Chini ya Mkuyu



Miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya arusi katika nchi yetu hii ya milima ya Umatengo. Mvua imekoma, mahindi yamo ghalani, maharagwe yamekwisha kupurwa, na kahawa yauzwa. Mwenye kuuza kahawa apata fedha, na mwenye fedha alikumbuka deni la mahari alilolisahau wakati wa njaa. Tena njia ni kavu, na wageni waweza kulala uani bila kunyeshewa. Ndiyo sababu tokea mwezi wa Julai hata Oktoba katekista hana Jumamosi iliyo yake.

Na kila mwaka naulizwa swali lile lile: “Mwalimu, je, ndoa yaweza kufungwa nje?” Wanaouliza ni wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana waliokaa mjini, ambao wameona picha za arusi za pwani, maua kila upande na bahari nyuma, nao wataka vivyo hivyo. Wa pili ni watu wa vigango vya mbali, ambao kikanisa chao chaingiza watu sitini, na jamaa za bwana arusi peke yao ni mia mbili. Wale wa kwanza huwaambia wangoje kidogo, nimalize kwanza na hawa wa pili.

Jawabu limo katika Sheria ya Kanisa iliyotolewa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983, kanuni ya 1118. Ndoa ya Wakatoliki yapasa kufungwa katika kanisa la parokia. Kwa ruhusa ya Askofu au ya Paroko yaweza kufungwa katika kanisa jingine au katika kikanisa. Na kama ni mahali pengine panapofaa, hapo ni Askofu mwenyewe atakayeruhusu. Basi tazameni vizuri: nje hapakukatazwa, lakini Paroko hawezi kupatoa kwa hiari yake, sembuse katekista. Lazima barua.

Wala mtu asidhani kwamba kufunga ndoa nje ni uzushi wa siku hizi. Mkisoma kitabu cha Tobiti mtaona jinsi Tobia alivyomwoa Sara: baba wa binti alimshika mkono binti yake akampa mume, mama akaleta karatasi, baba akaandika mapatano, wakala na kunywa. Yote yalitendeka nyumbani, na karamu iliendelea siku 14. Arusi ya Kana vilevile ilikuwa arusi ya nyumbani. Yohane asema palikuwa na mabalasi sita ya mawe, kila moja la vipimo viwili au vitatu, yaani kadiri ya lita 80 hata 120 kwa hesabu yetu. Mimi nadhani vyombo vikubwa kama hivyo vilisimama uani, maana katika nyumba ya kijiji vitakaa wapi? Lakini hilo ni wazo langu tu, Injili haisemi.

Hata huko Ulaya, katika karne nyingi za kati, bwana na bibi walipeana ahadi nje, mbele ya mlango wa kanisa, machoni pa watu wote. Kisha ndipo walipoingia ndani kwa Misa. Uingereza walihamisha ahadi hizo hata zikafanywa ndani ya kanisa katika kitabu chao cha sala cha mwaka 1549. Na ajabu ni hii, kwamba huko huko Uingereza ndoa za serikali zilizuiwa kufungwa nje ya jengo kwa miaka mingi sana, mpaka tarehe 1 Julai 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, ndipo zilipoanza kuruhusiwa katika viwanja vya majumba yaliyokubaliwa. Sisi tulio na miti tusiwacheke.

Sasa nataka kuwasimulia habari za ndoa moja iliyofungwa nje kiangazi kilichopita, katika kigango kimoja kilicho mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka parokia yetu. Nasema nje ya kanisa, yaani nje ya jengo; sisemi nje ya Kanisa, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyotusumbua siku ile kutwa nzima.

Waliotaka kuoana hawakuwa vijana. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na miwili, wakazaa watoto watatu. Mahari haikuwa imekwisha, na baba wa mwanamke alipokufa, ndugu yake, yaani baba mdogo wa bibi arusi, alishikilia kwamba hapana arusi mpaka mbuzi wa mwisho atakapoingia zizini. Hivyo miaka ikapita. Kila Jumapili yule mama alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma, na wenzake walipokwenda kukomunika yeye alibaki amejiinamia. Mwaka ule kahawa ikapata bei nzuri. Deni likalipwa lote. Matangazo ya ndoa, yaliyoamriwa na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, yakasomwa Jumapili tatu kama desturi ilivyo, na taarifa ya serikali ikatolewa siku zisizopungua 21 kabla, kama Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 itakavyo. Hapakuwa na kizuizi.

Kikanisa cha kigango wakati huo hakikuwa na paa. Wakristu walikuwa wameondoa nyasi kuukuu ili waezeke mabati, na ukuta mmoja ulikuwa umebomolewa ili kuongeza nafasi. Tofali zilisimama zimeegemezwa miti. Kumweka mtu ndani yake ilikuwa hatari. Paroko akamwandikia Askofu, na Askofu akajibu kwa barua kwamba ndoa ifungwe kiwanjani penye mkuyu, karibu na kikanisa, kwa heshima na bila mzaha. Barua hiyo niliichukua mimi mwenyewe mfukoni.

Tuliondoka Ijumaa mchana, mimi na mke wangu, binti zetu wawili waimbao katika kwaya, na mvulana wetu wa miaka sita ambaye alikuwa ameahidiwa kupiga kengele. Bodaboda zipo, lakini watu watano na mzigo wa vitambaa, mishumaa na vitabu hawaenei juu ya pikipiki moja, na fedha ya pikipiki tatu mwalimu hana. Tukafuata njia ya kandokando ya mashamba ya ngoro, vishimo vile vya wazee wetu vinavyoshika maji na udongo mlimani, tukafika jua linazama. Wengine huniuliza kwa nini huwachukua jamaa yangu katika safari hizi. Kazi yenyewe ndiyo yataka hivyo. Kuna maneno ambayo bibi arusi hatamwambia katekista mwanamume hata akikaa naye mwezi, lakini atamwambia mke wa katekista wakipeta mchele pamoja.

Jumamosi asubuhi tukaandaa mahali. Kuandaa altare nje ni kazi yenye ujanja wake. Sheria yaruhusu meza inayofaa, mradi iwe na kitambaa chake na korporale. Lakini kitambaa hicho upepo waweza kukifanya bendera, kwa hiyo tulishona vijiwe katika pembe zake nne. Mishumaa tuliitia ndani ya chupa zilizokatwa shingo. Tulitazama matawi kama hayana nyuki, tukatazama chini kama hapana siafu. Majiko ya wapishi tuliyahamisha upande unaokwenda upepo, ili moshi usije machoni pa watu. Tena nikawasimamisha vijana wawili mahali pa bwana na bibi arusi, wakasema kwa sauti ya kawaida, na mimi nikaenda kusimama nyuma kabisa nisikie. Jambo hili wengi hulidharau. Ndani ya nyumba sauti hugonga ukuta ikarudi, nje hupotea. Na ndoa yetu ni neno linalosemwa na kusikiwa. Asiposikia mwenye kulipokea, na mashahidi wawili wasiposikia, watashuhudia nini?

Padre alitazamiwa saa nne. Saa nne ikafika, kisha saa tano. Wageni walikuwa wamejaa, wengine kutoka ng’ambo ya mto, wengine kutoka mjini. Simu haishiki katika bonde lile, basi kijana mmoja akapanda kilimani, akarudi anahema. Padre alikuwa amekwisha toka parokiani, lakini njiani alizuiwa na watu waliomwita kwa mgonjwa aliye taabani katika kigango cha upande mwingine. Alikwenda kumpaka Mafuta Matakatifu. Alisema: mningoje, nitakuja, hata ikiwa jioni.

Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Mgonjwa hachagui siku. Lakini nyama ilikuwa motoni tangu alfajiri, na watu mia tatu walikuwa wakitazama njia.

Kwanza walivumilia. Tukasali Rozari, binti zangu na kwaya ya kigango wakaimba. Saa saba ikapita. Ndipo baba mdogo wa bibi arusi akasimama, mzee mrefu mwenye koti la zamani, akasema mbele ya watu wote: “Mwalimu, mwaka juzi ulimzika kaka yangu, Padre hakuwapo. Mtoto wangu alipokuwa karibu kufa usiku, wewe ulimbatiza kwa maji ya mtungini, na Padre alikubali. Kila Jumapili isiyo na Padre wewe ndiwe utuongozaye. Maneno ya ndoa wayajua yote kwa moyo. Leo kipi kinakushinda? Tufungie watoto wetu, watu wale, waende makwao.”

Watu wakaguna kwa kukubali. Hata bwana arusi akanitazama.

Kabla sijajibu, kijana mmoja wa shule akaongeza jingine, na nakiri kwamba aliusikia mafundisho yake vizuri: “Tena, Mwalimu, ulitufundisha kwamba katika Sakramenti ya Ndoa watoao Sakramenti ni bwana na bibi wenyewe, Padre yu shahidi tu. Basi wenyewe wapo. Mashahidi wapo. Kasoro i wapi?”

Nikawaomba wakae. Nikaketi nami katika kiti, maana jambo la namna hii halijibiwi kwa kusimama. Nikaanza na mzee. Nikamwambia: “Baba, umesema kweli yote. Katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristu, mradi akusudie kutenda litendwalo na Kanisa. Kwa kuwa mlango wa mbinguni haungoji Padre apate gari. Maziko nayo ni sala, na mlei aweza kupewa kazi ya kuyaongoza. Lakini ndoa ina sheria yake peke yake.”

Kisha nikawaeleza, nami nawaeleza ninyi wasomaji kama nilivyowaeleza wao. Zamani sana Kanisa lilihesabu kuwa ndoa mapatano ya wawili waliosema kweli “nakutwaa” na “nakutwaa”, hata wakiwa peke yao shambani. Yalikuwa makosa kufanya hivyo kwa siri, lakini ndoa ilisimama. Ikawaje? Mtu alimwahidi mwanamke gizani, akakaa naye, akachoka, akaenda nchi nyingine akaoa mbele ya watu. Yule wa kwanza akaja na mtoto mgongoni akasema, “Huyu ni mume wangu.” Mume akasema, “Simjui.” Hakimu atafanyaje? Hapana shahidi. Shida hii ilienea mno, mpaka Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ukaamuru katika sheria iitwayo Tametsi kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya Paroko, au Padre aliyepewa ruhusa, pamoja na mashahidi wawili au watatu, si ndoa. Kwa kuwa sheria hiyo haikutangazwa katika nchi zote, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi akaifanya upya kwa amri ya Ne Temere ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908. Nayo imo hata leo katika kanuni ya 1108: awepo Askofu wa mahali, au Paroko, au Padre au Shemasi aliyepewa ruhusa na mmoja wao, na mashahidi wawili.

Bibi kizee mmoja, ambaye nadhani hakuwa hata Mkristu, akasema toka pembeni: “Hayo si mageni. Hata sisi hatukumtoa binti bila mshenga. Mume akikana, mshenga aitwa.” Nikamshukuru, kwa maana alisema katika pumzi moja niliyokuwa nikiyazungusha.

Lakini yule kijana hakuridhika. “Basi nitapanda tena kilimani,” asema, “nimpigie Padre simu, akupe ruhusa wewe. Ruhusa yaweza kutolewa kwa simu.”

Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo palikuwa pagumu zaidi, kwa kuwa maneno yake yalifanana na kweli. Nikawaambia: Paroko aweza kumpa ruhusa Padre mwenziwe au Shemasi, lakini mlei hawezi kumpa. Ni kweli kwamba kanuni ya 1112 yataja walei. Mahali pasipo Padre wala Shemasi, Askofu aweza kumchagua mlei anayefaa, ajuaye kuwafundisha wachumba na kuendesha ibada kwa adabu, akamweka asimamie ndoa. Tena katika kitabu cha ibada ya ndoa kilichotengenezwa upya mwaka 1990 imo ibada nzima kwa ajili ya mlei wa namna hiyo. Lakini kwanza Baraza la Maaskofu wa nchi likubali, na Roma itoe ruhusa, na Askofu amteue. Ruhusa ya namna hiyo mimi sikuwa nayo. Niliyokuwa nayo mfukoni ni barua ya mti, si barua ya mtu. Askofu aliruhusu mahali, hakubadili msimamizi.

“Na kama Padre hapatikani kabisa?” akauliza mwingine.

Hilo nalo limo, kanuni ya 1116. Ikiwa msimamizi hapatikani bila taabu kubwa, na kuna hatari ya kufa, au yaonekana kwa busara kwamba hali itakaa hivyo mwezi mzima, wawili waweza kufunga ndoa mbele ya mashahidi tu, nayo yasimama. Lakini sisi tulikuwa tumekosa Padre kwa saa tatu, hatukukosa kwa mwezi. Na serikali vilevile haimtambui kila ajuaye maneno. Kiongozi wa dini anayefungisha ndoa hupewa leseni na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huuita RITA. Na mimi sina leseni hiyo.

Nilipokwisha sema hayo watu walinyamaza, lakini mzee hakuketi. Alisema, “Basi jua likizama Padre hajafika, mimi nachukua binti yangu na watu wangu. Sitalala penye arusi isiyo arusi.”

Wasomaji, maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko mlivyosikia. Mke wangu alikuwa ndani pamoja na bibi arusi, naye alikuja akaniambia pembeni jambo alilosikia huko. Yule mama alikuwa akitetemeka. Hakuogopa kungoja; alikuwa amengoja miaka kumi na miwili. Aliogopa siku kuahirishwa. Baba mdogo akiondoka kwa hasira, maneno ya mahari yataanza upya, fedha ya kahawa itakwisha, na mume, ambaye ni mtu mwema lakini mvivu wa mambo haya, atasema mwaka ujao. Naye atarudi benchi la nyuma. Alimwuliza mke wangu: “Mama Mwalimu, kwani mumeo akisema yale maneno tu, Mungu atakataa?”

Mke wangu hakumfanyia hotuba. Alimwambia hivi: “Dada yangu, akiyasema leo utafurahi leo. Lakini siku mtakapogombana, mtu mmoja atakuambia, ile yenu haikuwa ndoa, ilikuwa ya Mwalimu. Nawe utakosa la kujibu.” Kisha akamtuma binti yetu mkubwa achote maji, akamwosha bibi arusi uso, akaanza kumsuka tena nywele zilizolegea. Kusuka kulichukua saa nzima. Nadhani ndiyo dawa iliyomtuliza kuliko maneno.

Mimi nikaenda kwa mzee na sahani. Nilikuwa nimewaambia wapishi wawapishie watoto wote sasa, na wazee wapewe togwa na chakula kidogo. Mfungo wa Komunyo siku hizi ni saa moja tu, basi hapakuwa na sababu ya kuwatesa watu na njaa. Mzee alikataa kwanza, akiona ni aibu kula karamu kabla ya ndoa. Nikamwambia, “Hii si karamu, Baba. Hiki ni chakula cha mchana.” Akanitazama, akacheka kidogo, akala. Nikakaa naye, akanisimulia habari za kaka yake marehemu, jinsi walivyolima kahawa pamoja. Sikumtajia tena habari za sheria.

Padre akafika saa kumi na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi, juu ya pikipiki ya kuazima, maana gari lake alikuwa ameliacha limpeleke mgonjwa hospitali. Watu walipiga vigelegele kana kwamba yeye ndiye bwana arusi.

Sasa ikaonekana shida nyingine ambayo mwenye kufungia ndoa ndani ya jengo haijui. Kivuli cha asubuhi kilikuwa kimehama. Meza tuliyoiweka saa mbili ilikuwa juani kabisa, na Padre angelitazama magharibi jua likimchoma macho. Vijana wanane wakainua meza pamoja na mawe yake, wakaizungusha mpaka upande wa pili wa mkuyu, na viti vyote vikafuata. Mvulana wangu akalinda kengele isikanyagwe.

Padre aliwaungamisha wote wawili nyuma ya ukuta wa kikanisa. Kisha akamwita kila mmoja peke yake, akamwuliza kama aja kwa hiari. Kwa mwanamke alikawia zaidi. Baadaye alinieleza kwamba hufanya hivyo kila mara pakiwa na siku ndefu na wazee wenye hasira. Mtu aliyechoka huweza kusema ndiyo ili watu wale.

Misa ikaanza jua likiwa limeshuka juu ya kilima. Injili ilikuwa ile ya Kana. Padre alihubiri kwa ufupi, dakika tano, nami nasema wazi kwamba mapadre wengi wangeweza kujifunza kwake. Halafu akawasimamisha, wakashikana mikono ya kuume. Bwana arusi akasema maneno yake kwa sauti ya chini mno, kama mtu aulizaye bei dukani. Upepo ukayachukua. Padre akageukia mashahidi: “Mmesikia?” Shahidi wa kiume akatikisa kichwa kwamba hakusikia. Padre akamwambia bwana arusi, “Sema tena, ndugu, mpaka wakusikie wale wa chini ya mwembe.” Watu wakacheka, yeye akavuta pumzi, akayasema kwa sauti ambayo, nadhani, alikuwa ameiweka miaka kumi na miwili. Bibi arusi hakuhitaji kuambiwa. Sauti yake ilikwenda moja kwa moja mpaka kwa wapishi, nao wakasimama na miko mikononi.

Watoto wao watatu walikuwa mbele, na yule mdogo alikuwa amelala mapajani pa mke wangu. Pete zilibarikiwa, hazikuanguka majanini, ingawa nilikuwa nimetandika mkeka kwa ajili ya hofu hiyo. Wakati wa Komunyo mama yule alikuja wa kwanza. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Giza likaingia wakati wa kutia sahihi. Tukawasha taa ya pikipiki, tukaielekeza mezani. Bwana arusi akatia sahihi, mashahidi wawili wakatia, na bibi arusi akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje kidogo, akakataa kidole cha wino ingawa karani mmoja wa kijiji alimwonea haraka akamletea. Baba mdogo alisimama nyuma yake akitazama kalamu. Kisha akaomba aonyeshwe mahali palipoandikwa jina la kaka yake, baba wa bibi arusi. Akaonyeshwa, akaweka kidole chake juu ya jina hilo, akanyamaza. Usiku ule alilala pale pale, na watu wake wote.

Jumatatu nilikuwa ofisini mwa parokia Padre alipomaliza kuandika katika kitabu cha ndoa, kama kanuni ya 1121 iagizavyo: majina ya waliooana, ya msimamizi, ya mashahidi, siku na mahali. Barua ya Askofu akaigundisha katika ukurasa uo huo. Akaandika na barua ya pili kwa parokia alikobatizwa bibi arusi, ili ndoa yake iandikwe kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Penye nafasi ya mahali aliandika jina la kigango, akafikiri kidogo na kalamu juu, kisha akaongeza: chini ya mkuyu, upande wa mashariki.